Kampala watoto wananyimwa simu muhula mzima, likizo wanaachiwa mchana kutwa

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Kampala na familia. Mtaani kwetu kuna Wakongo, Wakenya na Waganda wenyewe, tunaelewana kwa Kiswahili, na mengi ya huku nimeyapenda. Ila kuna jambo la watoto na simu janja ambalo siwezi kulinyamazia.

Huku wazazi wanaiamini sana shule ya bweni. Mtoto wa darasa la pili anafungashiwa godoro na sanduku la bati, huyo anakwenda. Shuleni simu ni marufuku, kwa hiyo mzazi anatulia moyo. Kisha inafika likizo ya Agosti. Baba na mama wako kazini, jioni wamo kwenye foleni ya magari, na mtoto aliyekaa miezi bila kugusa kioo anapewa simu ya zamani ya baba ili asisumbue. Anashinda nayo.

Simu hiyo bado ina akaunti ya baba. Hapa ndipo wazazi wengi hatuangalii. TikTok inataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, lakini yenyewe inamjua baba tu, mwanamume mzima, na inamletea mtoto wa miaka tisa mambo ya mwanamume mzima. Hakuna kizuizi kilichovunjwa, kwa sababu mtoto hakuwahi kuulizwa umri.

Kwetu Tanzania, mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Wapo waliolalamika, mimi niliunga mkono. Mtoto anayelala nyumbani unamwona na simu kila jioni, unamkatiza, mnagombana kidogo, kesho mnaendelea, na hivyo ndivyo anavyojifunza kuiweka chini. Sisemi Tanga ni peponi. Wako wanaolisha watoto kwa katuni. Lakini mzazi wa huko ana jioni nyingi za kurekebisha. Wa huku ana wiki chache, na anazitumia kumpoza mtoto.

Kuna na hili la VPN, programu inayokupitisha mtandaoni kwa njia ya kificho ili hata kilichofungwa kifunguke. Julai 2018 Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, watu wakakimbilia VPN. Kodi iliondolewa 2021, lakini Januari ya mwaka huohuo Facebook ilifungwa kuelekea uchaguzi, na VPN ikabaki kwenye simu kama kitu cha kawaida. Juzi nilikuwa kwa jirani, mwanawe kakaa kwenye mkeka na simu. Nikaona alama ya ufunguo juu ya kioo, ile ya VPN.

“Mama Brian, hiyo VPN anaitumia mtoto?”

“Dada, niliiweka mimi mwenyewe, Facebook haifunguki bila hiyo.”

Baba yake alikuwa ameweka kichujio kwenye Wi-Fi ya nyumbani kuzuia tovuti chafu, na kalipia. Lakini VPN ikiwashwa, kichujio hicho hakioni kinachopita. Na nyingi za bure zinaleta matangazo ambayo hujui yanamlenga nani.

Ninachowaomba wazazi wenzangu ni kazi ya saa moja kabla shule hazijafungwa. Simu ya zamani ifutwe yote, akaunti ya baba itoke. Mfungulie mtoto akaunti yake kwa mwaka wake halisi wa kuzaliwa, uiunganishe na simu yako kwa Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Hapo akitaka kupakua programu, ombi linakuja kwako, na muda wa kila siku unaupanga wewe. Usimwekee VPN. Halafu kaeni pamoja siku mbili tatu za mwanzo, akuonyeshe anachopenda. Kwa kweli hilo la mwisho lina uzito kuliko mipangilio yote, maana mtoto anayezoea kukuonyesha video anayoipenda atakuonyesha na ile iliyomtisha.

Na dada wa kazi tusimsahau. Ndiye anayeshinda na mtoto likizo nzima, lakini hajaambiwa simu inachukuliwa saa ngapi, na akijaribu kuichukua mtoto anamjibu, “Wewe si mama yangu.” Mwambieni saa yenyewe mtoto akiwa amesimama palepale, asikie kwamba dada akisema basi, ni basi.