Rimu pana ziende mbele au nyuma?

Anayefunga rimu pana nyuma kuliko mbele kwenye gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele huwa anaiga magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye magari hayo jambo hilo lina maana, kwa kuwa nguvu ya injini inaishia nyuma na tairi pana inasaidia kuizuia isipotee kwa kuteleza. Kwenye gari la kuvuta mbele, tairi za nyuma zinafuata tu. Injini na giaboksi zimekaa mbele, uzito wa huko mara nyingi unafika asilimia 60 hivi, na tairi mbili zile zile zinavuta, zinakata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Kuongeza mpira nyuma ni kumpakulia zaidi asiyelima.

Kasoro inaonekana kwenye kona. Magari haya yana tabia ya kutoa pua nje: unazungusha usukani, gari linataka kunyooka. Ukiongeza mshiko wa nyuma peke yake, tabia hiyo inazidi.

Hata hivyo, wanaotetea nyuma pana wana hoja moja nzito. Pua ikitoka nje, dereva wa kawaida anaachia mafuta na mara nyingi gari linarudi njiani. Mkia ukichomoka kwenye mvua, ni wachache wanaoweza kuurudisha. Ndiyo maana watengenezaji wa tairi, Michelin wakiwemo, hushauri kwamba ukinunua tairi mbili tu zifungwe nyuma, hata kama gari linavuta mbele. Kwa hiyo anayepunguza upana wa nyuma ili pua ikate vizuri anacheza na usalama ule ule, ingawa ni kweli pia kwamba tairi nyembamba hupasua maji vizuri kuliko pana.

Viwandani, walioamua kutofautisha upana kwenye magari haya waliweka pana mbele. Citroën DS ya 1955 ilikuwa na tairi za milimita 165 mbele na 155 nyuma. Pontiac Grand Prix GXP, yenye injini ya V8 iliyovutia mbele, ilifungwa 255/45 R18 kwenye rimu za inchi 8 mbele, na 225/50 R18 kwenye rimu za inchi 7 nyuma. Angalia namba hizo kwa makini: 255 ni upana wa tairi kwa milimita, 45 ni ubavu wake kama asilimia ya upana huo, na R18 ni rimu ya kipenyo cha inchi 18. Ubavu wa tairi ya mbele ni milimita 115 hivi, wa nyuma 112 na nusu, kwa hiyo vipenyo vyote viwili vinapishana kwa milimita 5 tu. Fundi asiyepiga hesabu akifunga 255/45 na 225/45, vipenyo vitapishana kwa milimita 27, karibu asilimia 4. Kompyuta ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, inalinganisha mizunguko ya magurudumu. Itaona ya nyuma yanakimbia kuliko ya mbele muda wote, na taa ya onyo inaweza kuwaka.

Mbele pana nako kuna gharama zake. Rimu ikitokeza nje kupita kiasi, usukani unaanza kuvuta upande ukikanyaga mafuta na kufuata mifereji ya barabara, na tairi inaweza kukwaruza fenda ukikata kona kali. Halafu tairi za mbele ndizo zinazoisha haraka, na kwa kuwa hazilingani na za nyuma, huwezi kuzibadilishana ili ziishe sawasawa. Kwa gari lenye nguvu nyingi gharama hiyo inalipa. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, mimi ningefunga upana mmoja pande zote nne.

Kama tatizo ni pua kutoka nje, anza na alaimenti na upepo wa tairi. Stabilaiza ya nyuma (chuma kinachopunguza gari kulala upande kwenye kona) iliyo ngumu zaidi nayo inabadilisha tabia ya gari kwenye kona, tena bila kugusa rimu hata moja, ila iongezwe kwa kiasi, maana inavuta kuelekea ule ule mkia wa kuchomoka.