Aliyekataa kwa Waraka, Akanaswa kwa Saini

Mnamo Juni 1822 Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais wa tatu wa Marekani, alimwandikia mstaafu mwenzake John Adams, Rais wa pili, kwamba alikuwa amefungua daftari lake la barua akahesabu zilizomfikia katika mwaka mmoja tu, 1820, akakuta ni 1,267. Nyingi zilihitaji uchunguzi mrefu kabla ya kujibiwa, na zote, kwa mujibu wa adabu ya zama zile, zilistahili jibu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 79, na ni miaka 13 tangu aondoke madarakani. Maisha ya namna hiyo aliyafananisha na ya farasi wa kinu, asiyeona mwisho wa duara lake isipokuwa kifo. Aliyewahi kumwona ngamia akizungushwa kwenye shindikio la mafuta hana haja ya kufafanuliwa.

Wasomi hupenda kunukuu barua ambazo Jefferson na Adams waliandikiana kuhusu dini, falsafa na mapinduzi. Mimi nazipenda pia, lakini nimekuja kuamini kwamba anayetaka kumjua mzee huyu aanze na barua za wale waliomtaka kitu: mdai anayekumbusha, wakili anayeuliza hati iko wapi, kijana anayetafuta cheo, jamaa anayehitaji mdhamini. Katika barua za falsafa mtu huchagua sura ya kuonyesha. Mbele ya mwombaji hana nafasi hiyo, kwa kuwa ni lazima aamue.

Kuna jambo dogo la posta lililochangia mafuriko hayo. Siku hizo gharama ya barua kwa kawaida ililipwa na anayeipokea. Mwaka 1809 Bunge la Marekani lilimpa Jefferson haki ya kutuma na kupokea barua bure hadi mwisho wa maisha yake, na ingawa nia ilikuwa kumheshimu, matokeo yake ni kwamba kumwandikia hakukumgharimu yeyote chochote. Naye alizijibu kwa mkono uliovunjika kifundo akiwa Paris mwaka 1786 na usiopona sawasawa, akitumia mashine yenye kalamu mbili zilizounganishwa: moja ikiandika barua ya kwenda, nyingine ikifuata nyuma yake na kuacha nakala ya kubaki nyumbani. Kwa sababu ya kalamu hiyo ya pili, leo tunaweza kusoma ombi pamoja na jibu lake.

Waliotaka vyeo aliwawahi mapema. James Madison, aliyempokea urais, alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, na kila mtu alijua kwamba neno moja kutoka Monticello, nyumbani kwa Jefferson huko Virginia, lingetosha. Kwa hiyo mnamo Machi 1809 Jefferson alipiga chapa waraka wa kuwajibu waombaji wote kwa pamoja, akieleza kwamba amejiwekea sheria ya kutomwombea mtu yeyote kwa Rais wala kwa wakuu wa idara, maana akianza kuomba atageuka kutoka rafiki kuwa msumbufu. Nauona waraka huo kuwa mojawapo ya maandishi yake yenye busara kubwa, ingawa hauna hata sentensi moja ya kuchongwa kwenye ukuta wa mnara. Mstaafu yeyote ambaye baraza yake hujaa watu wenye bahasha za kaki tangu alfajiri angetamani kuwa nao.

Kesi hazikukatalika kwa waraka. Edward Livingston, aliyeondolewa kwa amri ya Jefferson kwenye ardhi ya kingo za mto huko New Orleans, alimshtaki yeye binafsi mwaka 1810 akidai dola 100,000, kiasi ambacho kingemfilisi kabisa. Zikafuata barua ndefu kwa mawakili, mpaka Desemba 1811 mahakama ya Richmond ilipoitupa kesi kwa sababu haikuwa na mamlaka juu ya ardhi ya mbali hivyo. Alishinda bila hoja yake kusikilizwa, na jambo hilo lilimkera kiasi kwamba mwaka uliofuata alichapisha utetezi wake mwenyewe.

Kilichomwangusha kiliingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1818 Wilson Cary Nicholas, aliyewahi kuwa gavana wa Virginia, ambaye binti yake alikuwa ameolewa na mjukuu wa Jefferson, alimwomba amdhamini kwa hati mbili za benki, kila moja ya dola 10,000. Nicholas naye alikuwa amewahi kumsaidia kupata mkopo. Huyo ungemjibu kwa waraka wa chapa? Jefferson alitia saini. Mwaka 1819 uchumi wa nchi ukaanguka, Nicholas akafilisika, na mwaka 1820 akafariki, akazikwa katika makaburi ya familia ya Jefferson. Mzee akabaki na riba ya dola 1,200 kila mwaka, juu ya madeni ya zamani ambayo tayari yalikuwa yamemlemea. Alipofariki tarehe 4 Julai 1826 alidaiwa zaidi ya dola 107,000.

Napata shida kumhurumia kikamilifu, na sababu ni ombi jingine. Rafiki yake Tadeusz Kosciuszko, shujaa wa Poland aliyepigana katika vita vya uhuru vya Marekani, aliacha wosia wa mwaka 1798 kwamba mali yake ya Marekani itumike kuwakomboa na kuwasomesha watumwa, wakiwemo wa Jefferson, na Jefferson ndiye awe msimamizi. Mwaka 1819 Jefferson alikataa jukumu hilo, na uzee wake ulikuwa sababu ya kweli. Wadai wa mirathi wakajitokeza kila upande, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1852, na hakuna mtumwa hata mmoja aliyekombolewa kwa fedha zile. Saini ya kumdhamini mkwe ilipatikana. Ya kusimamia wosia haikupatikana. Januari 1827 watu 130 walitangazwa kuuzwa kwa mnada Monticello, pamoja na samani na mifugo, ili madeni yalipwe.

Katika shehena yote ya barua ninayoirudia mara kwa mara ni barua ya Novemba 1818, mwaka uleule wa hati za Nicholas. Imeandikwa na Hannah, mtumwa katika shamba la Jefferson la Poplar Forest. Haombi fedha, cheo wala dhamana. Anamwarifu bwana wake kwamba nyumba na vyombo vyake viko salama, na kwamba amehuzunika kusikia anaumwa na hataweza kuja.