Paukwa Isiyo na Pakawa

Mwanzoni mwa filamu ya Dora ya mwaka 2019, iliyotokana na katuni ya watoto ya jina hilo, familia iko mezani inakula. Dora, mtoto wa miaka sita, anaacha sahani yake, anageukia kamera na kututaka sisi tunaotazama tutamke neno la Kihispania lenye maana ya "kitamu". Kisha anasubiri. Baba yake anageuka kuangalia kule anakoangalia binti yake, haoni mtu. Sebuleni kwetu watu wazima wote tuliangua kicheko.

Utani ule ni mzuri, sikatai. Lakini umebeba karibu ugomvi wote unaozuka kila Hollywood inapochukua katuni ya watoto ya zamani na kuiigiza upya kwa watu halisi. Ule ukimya wa sekunde chache baada ya swali ndio uliokuwa moyo wa kipindi cha Dora tangu kilipoanza kurushwa na Nickelodeon, chaneli ya watoto ya Marekani, mwaka 2000. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za bibi tunaujua ukimya huo. Bibi hasemi "Paukwa" akajiendea zake. Hungoja "Pakawa", na asipoisikia hurudia, safari hii kwa sauti ya kukemea kidogo. Dora naye alikuwa akitoa paukwa. Mtoto wa miaka minne mbele ya runinga alikuwa sehemu ya hadithi, na bila yeye, kwa jinsi kipindi kilivyotungwa, mlima haupandwi wala mto hauvukwi.

Filamu haina nafasi ya kungoja. Ina dakika mia moja hivi, ina mwanzo, kilele na mwisho, na mtazamaji wake kazi yake ni kukaa na kutazama. Ndiyo maana naona wapinzani wengi wa filamu hizi wanapiga kelele pasipo penyewe. Wao hulalamika kuhusu sura: mbwa wa kompyuta anatisha, nywele za fulani si zile, nguo zimebadilishwa rangi. Hayo ni madogo. Kinachopotea ni namna mtoto alivyoishi na kipindi.

Chukua Scooby-Doo. Katuni ya mwaka 1969 ilikuwa na hadithi moja iliyosimuliwa upya kila wiki: kuna jini au mzuka, vijana wanne na mbwa wao wanakimbizwa kwenye korido, mwishowe wanamkamata na kumvua kinyago. Chini ya kinyago ni binadamu, mara nyingi mwenye tamaa ya ardhi au fedha. Mtu mzima huona uvivu wa waandishi. Mtoto huona kitu kingine: ameshajua kinyago kitavuliwa, kwa hiyo anaweza kuogopa kwa raha zake. Filamu ya mwaka 2002, iliyoandikwa na James Gunn, ikaleta mapepo ya kweli kisiwani. Kinyago kinavuliwa, naam, na aliyemo ndani ni Scrappy-Doo, yule mbwa mdogo ambaye mashabiki wakubwa walikuwa wamemchoka kwa miaka mingi. Huo ni utani wa watu wazima. Mtoto wa miaka sita hana kisasi chochote na Scrappy. (Kwa haki, mapepo ya kweli yalikwisha kuingia kwenye filamu za katuni za Scooby-Doo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hivyo lawama yote si ya waigizaji halisi.)

Upande wa utetezi nao una la kusema, na halianzii kwenye fedha pekee, ingawa fedha zipo. Filamu hiyo ya Scooby-Doo iliingiza takriban dola milioni 275 duniani, na The Flintstones ya mwaka 1994, nayo ya kutoka kwenye katuni, takriban milioni 341, huku wahakiki wengi wakizikunjia uso. Watoto hawakusoma uhakiki. Zaidi ya hapo, mwigizaji anaweza kuipa katuni uhai ambao haikuutarajia. Matthew Lillard alimwigiza Shaggy, mmoja wa wale vijana wanne wa Scooby-Doo, kwa sauti ile ya kukwaruza na mwili ule usiotulia, hata baadaye, Casey Kasem, aliyekuwa sauti ya Shaggy tangu mwanzo, alipoiacha nafasi hiyo, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwa sauti ya Shaggy kwenye katuni zenyewe. Filamu ilichukua kwa katuni, ikairudishia mtu. Anayesema filamu hizi hunyonya tu itabidi amweleze Lillard.

Utetezi huo unakwama kwa The Last Airbender ya mwaka 2010, filamu iliyotokana na katuni ya Avatar: The Last Airbender. Msimu wa kwanza wa katuni ile ulikuwa na vipindi 20, mwongozaji M. Night Shyamalan akaukamua ndani ya filamu ya dakika 103. Matukio yamo, safari imo, vita vimo, lakini kicheko kimeondoka. Sokka, mchekeshaji wa msafara, amekuwa kijana wa kununa. Na katika ulimwengu uliochorwa kutokana na tamaduni za Asia na za Wainuit, wenyeji wa Aktiki, mashujaa watatu wakuu walipewa waigizaji weupe, huku mwana wa mfalme anayewawinda akichezwa na Dev Patel, Mwingereza mwenye asili ya India. Mchoro ulikuwa umewapa watoto wengi wa Kiasia uso wa shujaa, na kamera ikawapokonya. Mapato yalifika takriban dola milioni 319, ila sehemu mbili zilizokusudiwa kufuata hazikutengenezwa.

Kwa hiyo namrudia Dora, kwa sababu kwangu ndiye aliyefaulu kuliko wenzake. Mkurugenzi James Bobin hakujifanya kuwa msichana anayeongea na hewa ni jambo la kawaida. Alimkuza hadi miaka 16, akamtoa msitu wa Peru na kumtupa kwenye shule ya sekondari Los Angeles, ambako uchangamfu uleule unamfanya kichekesho cha darasa. Aibu ya namna hiyo huonekana vizuri zaidi kwenye uso wa binadamu. Isabela Moner, anayemwigiza Dora na ambaye mama yake ni wa Peru, anazungumza hata Kiquechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes, ndani yake, jambo ambalo sikulitegemea kwenye filamu ya aina hii.

Tatizo ni kwamba sijui ilitengenezewa nani. Aliyekuwa na miaka minne Dora alipoanza alikuwa na 23 filamu ilipotoka. Kijana wa sekondari anaona haya kukatiwa tiketi ya Dora, na mdogo wake wa chekechea hana habari na masaibu ya sekondari. Ilipata kiasi cha dola milioni 120 kwa bajeti ya milioni 49, si haba, wala si kishindo.

Siku ile sebuleni, mpwa wangu wa miaka mitano alikuwa mkekani. Dora alipouliza swali lake pale mezani, yeye alikwisha kulitamka lile neno, kwa sauti ya juu, kabla baba hajageuza shingo. Halafu akatusikia tunacheka.

"Mjomba, mnanicheka?"

Nikamwambia hapana, tunamcheka baba Dora. Baadaye kidogo Dora, sasa msichana mkubwa, akageukia kamera tena na kututaka tutamke jina la kitaalamu la athari ya sumu ya chura. Mpwa wangu alinitazama kwanza mimi. Hakusema kitu.