Jino Moja la Mbele

Pikipiki siku hizi haitaki fundi, inataka kamati. Cheni ikianza kulia krr krr tu, kijiwe kizima kinageuka chuo cha uhandisi. Wa kwanza anasema ongeza jino kwenye sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni kule kwenye injini, chombo kiruke. Wa pili anasema punguza jino mbele, upande mlima wa Goba na mshikaki wako wa abiria wawili bila kushusha mtu. Wa tatu, ambaye piki yake mwenyewe iko kwa fundi mwezi wa pili, anasema tupa vyote vya kiwandani, funga sproketi ya alumini na cheni ya rangi ya dhahabu. Mwenye chombo yuko katikati, hesabu ya bosi mfukoni, shingo inazunguka kama feni.

Na hakuna hata mmoja aliyehesabu meno! Wanabishana meno yasiyojulikana idadi. Jamani, sproketi nyingi zimegongwa namba ubavuni, na zisipogongwa, vidole tunavyo. Tia chaki jino la kwanza, hesabu mpaka urudi.

Tuseme mbele ni 14, nyuma 42. Gawanya: 3. Yaani sproketi ndogo ikizunguka mara tatu, tairi linazunguka mara moja. Ukifunga 15 mbele inakuwa 2.8, na kwa mzunguko uleule wa injini tairi linakwenda zaidi kwa asilimia 7. Hapo ndipo watu wanachanganyikiwa kwa furaha. Aliyekuwa akifika 90 anajiona yuko 96. Anayesukuma hiyo 96 ni nani? Injini ni ileile, upepo wa mbele uleule, na nyuma kuna mama mmoja, mtoto na gunia la mkaa. Ukifika kwenye mwinuko gia ya mwisho inakohoa, unarudi chini gia moja, na unamalizia safari polepole kuliko jana. Jino la kuongeza linamfaa anayekwenda peke yake kwenye lami tambarare. Mtu huyo kijiweni hayupo.

Ukishusha mpaka 13 inakuwa 3.23. Mlima unapanda kweli, huo si uongo. Ila kwenye barabara kuu injini inalia kama mashine ya kusaga, mafuta yanakwenda, na cheni inalazimika kujikunja zaidi kwenye kijisproketi kidogo, kwa hiyo inachakaa mapema. Anayeishi Lushoto kwenye makona na miinuko afanye tu, ana sababu. Anayekwenda Kariakoo na kurudi anatafuta nini huko?

Kuna wanaoona bora waongeze nyuma. Haya, jino moja la mbele ni karibu sawa na matatu ya nyuma: 45 kwa 14 ni 3.21. Lakini kila jino unaloongeza linataka ekseli isogee mbele kama milimita 3, kwa hiyo matatu ni karibu sentimita nzima. Nafasi ikiisha, tairi linagusa swingamu, ule mkono wa chuma unaolibeba, na hapo unarudi dukani kutafuta cheni yenye pingili mbili za ziada. Ile "sproketi tu" ishazaa watoto.

Ukweli wenyewe hauna mbwembwe: uwiano wa meno wa kiwandani haujamkosea mtu. Kilichokufa ni vyuma. Piki nyingi za biashara zinavaa cheni namba 428, imeandikwa kwenye pingili ukiifuta tope, lakini kufuta tope nako kunaonekana ni kazi ya watu wengine. Kutoka kipini hadi kipini ni milimita 12.7. Ivute inyooke, pima nafasi 20, yaani kipini cha kwanza hadi cha ishirini na moja. Mpya inasoma milimita 254. Ikisoma 259, hiyo si cheni tena, ni mkufu. Huna rula? Shika cheni katikati ya nyuma ya sproketi kubwa, ivute kwako. Ikiinuka ukaona nusu ya jino, umemaliza kupima.

Sasa njoo kwa yule wa "nibadilishie cheni tu, sproketi bado nzima." Nzima wapi, meno yameinama kama mapezi ya papa! Cheni mpya ina vipimo vyake, meno ya zamani yamechongwa na cheni iliyorefuka. Mzigo wote unabebwa na meno mawili matatu badala ya kugawanywa, na cheni mpya inazeeka kwa wiki chache. Kisha lawama zinamwendea muuza duka. Seti ni seti: ndogo, kubwa na cheni, siku moja.

Hapo kwenye seti ndipo pa kuboresha kama hela inakuwasha. Chukua 428H badala ya 428 ya kawaida. Ile H ni bamba nene zaidi, meno yanabaki yaleyale. Cheni ya raba, yenye vipete vinavyofungia grisi ndani, inadumu kweli, lakini vipini vyake ni virefu, kwa hiyo angalia kama haitakwaruza kava la cheni na ukuta wa injini pale mbele. Na usiioshe kwa petroli, raba zinakufa. Mafuta ya taa yanatosha. Sproketi ya alumini waachie wa mashindano. Ni nyepesi, inang'aa, na inaliwa haraka. Mkaa hauulizi sproketi ina gramu ngapi.

Kufunga ni sarakasi nyingine. Fundi akifungua kava la mbele, chimba lile tope la grisi, uone kama oili sili, ile raba inayozuia oili isitoke, inavuja, maana hutaifungua tena leo. Nyuma, zile bati za kufungia nati zimekunjwa. Zikishakunjwa mara mbili tatu zinakatika, weka mpya. Angalia raba za habu, kile kitovu cha tairi: shika sproketi kubwa, itikise mbele na nyuma. Ikicheza sana, raba zimekwisha, na kila ukiachia klachi unaipiga cheni nyundo. Klipu ya kiungio cha cheni nayo ina uso: upande uliofungwa unatangulia kule cheni inakoelekea, ule wa mdomo wazi unafuata nyuma. Ukiigeuza, kitu kidogo kikiigusa inachomoka, cheni inabaki barabarani, wewe unaendelea mbele kidogo kwa heshima ya mteremko.

Halafu kukaza. Kuna fundi anakaza mpaka cheni inalia kama gitaa, anajisifu. Abiria wawili wakipanda, swingamu inapanda, cheni inataka nafasi na nafasi hakuna, basi beringi ya gia na ya habu ndizo zinazolipa. Acha ilegee kati ya milimita 25 na 35, ukipima katikati upande wa chini, na uzungushe tairi upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni huwa na pahali pagumu. Hesabu alama za swingamu kushoto na kulia zilingane. Na ukirudisha tairi nyuma, legeza rodi ya breki ya drami, la sivyo breki inajishika yenyewe mpaka habu inanuka kama maandazi yaliyoungua.

Baada ya gharama zote hizo, mtu anachota oili chafu iliyotolewa kwenye injini, imejaa unga wa chuma, anaimwagia cheni mpya. Huko ni kuipiga msasa kila siku! Oili ya gia namba 90 inatosha, ipake upande wa ndani wa cheni huku ukizungusha tairi kwa mkono, injini imezimwa, ukipenda vidole vyako. Kisha futa ya juu. Na ipakwe usiku, ilale nayo. Ukipaka asubuhi ukaondoka papo hapo, inaruka yote, na huwa siku hiyo ni Ijumaa, na abiria wa kwanza ni mzee anayewahi msikitini, kanzu nyeupe, imepigwa pasi, mgongoni sasa ina mstari mweusi kuanzia kiunoni hadi kwenye kola, na nauli anakulipa kwa kukuangalia tu.