Azusa hakukimbia kazi

Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp la mashabiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, jamaa mmoja aliandika kwamba isekai (hadithi za kuhamia ulimwengu mwingine) zile za maisha ya taratibu ni katuni za wavivu. Mtu anakufa, anazaliwa upya kwenye ulimwengu wa uchawi, halafu anakaa kijijini kupika supu. "Hakuna kinachotokea," akasema. "Kijana anatakiwa apambane, siyo aote kustarehe." Wenzake wakammiminia vidole gumba. Nilimjibu palepale, lakini majibu ya kundini hufunikwa na stika na voisi ndani ya dakika mbili, na maneno yale yamenikaa rohoni. Namalizia hapa.

Tuanze na kifo cha Azusa Aizawa, maana wanaosema hivyo huwa wanakiruka. I've Been Killing Slimes for 300 Years ilianza kurushwa Aprili 2021, na inafunguka hivi: dada wa miaka 27, mfanyakazi wa ofisini, anafia kazini. Hakugongwa na lori kama mashujaa wengi wa isekai, wala hakuchomwa kisu akimwokoa mtu. Kazi imemuua. Akiulizwa anataka nini katika maisha yajayo, haombi upanga wala ufalme. Anaomba asizeeke, aishi polepole mahali tulivu. Anageuzwa mchawi, anapewa nyumba kwenye nyanda za juu, na kila siku anaua slaimu, vile viumbe dhaifu vya rojorojo, kama 25 hivi ili apate hela ya kula. Akishazipata anarudi nyumbani. Miaka 300 ikipita hivyo, siku moja anapimwa na kukuta amefika kiwango cha juu kabisa cha nguvu, 99, bila kukitafuta.

Hadithi hii imeandikiwa watu wanaojua uchovu ule. Japani kifo cha namna hiyo kina jina lake, karoshi, na tangu 2014 kuna sheria ya kukizuia. Kikomo cha saa za ziada, 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, kampuni kubwa zilianza kubanwa nacho Aprili 2019. Na tusijidanganye kwamba ni balaa la Wajapani peke yao. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Huku kwetu tunaambiana "usilale, wenzako wanatafuta", tunaibandika kwenye status asubuhi na mapema, na tunaona tumepeana ushauri mwema.

Mimi kazi yangu ni hesabu. Ikifika mwisho wa mwezi natoka ofisini daladala zimeshapungua, nafika nyumbani watoto wa jirani wamelala, na najua namba zilezile zinanisubiri kesho. Hapo ndipo ninapoweka spika za masikioni na kumtazama Azusa akimwonya Laika, yule binti joka, kwamba asijitume kupita kiasi. Sijaisikia kauli hiyo kwa bosi yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Naisikia kwa mchawi wa kuchora, na inanigusa kila mara.

Lakini hoja yangu kubwa haihusu mapumziko. Ukizitazama vizuri, anime hizi zimejaa kazi kuliko nyingi za mapigano. Watu wake wanashinda wanafanya kazi! Tofauti ni kwamba kazi yao ina mwanzo na mwisho, na anayeifanya anaona kilichotoka mikononi mwake.

Mfano wangu ni Ascendance of a Bookworm, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu hakuna iliyolifanya jambo hili vizuri zaidi. Urano, msichana aliyependa vitabu kuliko chakula na aliyekuwa anakaribia kuanza kazi ya maktaba, anafunikwa na vitabu vyake kwenye tetemeko la ardhi na kufa. Anaamka akiwa Myne, mtoto wa miaka mitano, binti wa askari wa lango la mji, mwili dhaifu unaopanda homa akitembea kidogo tu. Na nyumba nzima haina kitabu. Mtaa mzima hauna. Vitabu ni mali ya watukufu.

Sasa mtazame anachofanya. Anajaribu kusuka nyuzi za majani zishikane kama karatasi. Kazi inamshinda, ni ndefu mno kwa vidole vyake. Anahamia kwenye vibao vya udongo. Watoto wenzake wanavikanyaga, anaumia, anatengeneza vingine, na hivyo vinapasukia kwenye moto wa jikoni. Anachonga vijiti bapa ili aandike juu yake. Mama yake, ambaye hajui kusoma na anaona vijiti tu, anavichochea motoni. Mama hana kosa. Nyumba ya maskini kijiti ni kuni, na anime haimlaumu hata kidogo. Ile sura ya Myne akigundua nimeirudia mara nyingi, kwa sababu ndiyo sura ya mtu ambaye kazi yake imeangamia kwa mikono ya anayempenda.

Halafu inakuja karatasi yenyewe, pamoja na Lutz, mtoto mwenzake wa mtaani. Myne anajua hatua zote kwa kuwa alizisoma, lakini mikono yake haijawahi kuzifanya, na nguvu hana. Lutz ana nguvu na hajui chochote. Matawi yanapikwa kwa mvuke mpaka gome libanduke, gome linalowekwa kwenye maji ya mto yenye baridi, linachemshwa na majivu, linatwangwa mpaka lilegee, kisha rojo linachotwa kwa fremu na kutikiswa taratibu hadi litande. Karatasi inabanduliwa ikiwa mbichi, inabandikwa ubaoni ikauke. Studio ya Ajia-do haikuifupisha shughuli hii kwa wimbo na picha za harakaharaka. Wametuacha tuione ikifanyika, na ile ya kwanza inapobanduka nzima nilifurahi kama nimeitengeneza mimi.

Hicho ndicho jamaa wa kundini anachokiita "hakuna kinachotokea". Ndugu yangu, mtoto mgonjwa amevumbua karatasi!

Ryoma wa By the Grace of the Gods naye amebeba maisha ya kwanza ya kazi ngumu hadi umri wa miaka 39. Akizaliwa upya anafuga slaimu, na kazi zake za kukumbukwa ni kusafisha mashimo ya vyoo vya mji na kufungua duka la kufua nguo, ambako slaimu hula uchafu na nguo ikatoka safi. Vyoo na dobi. Nani mwingine katika fantasia amezipa kazi hizi heshima ya kuwa kisa kizima? Hiraku wa Farming Life in Another World alifia hospitalini baada ya kuugua muda mrefu. Anachoomba ni afya na shamba. Ukishamwona akilima siku yake ya kwanza na mwili haumuumi, huhitaji maelezo kwa nini alitaka jembe.

Na ndiyo maana lazima iwe kuzaliwa upya, siyo kupita mlango wa ajabu na kurudi. Aliyekufa hana pa kurudi, na anakumbuka alichokipoteza. Katika msimu wa pili wa Bookworm, Ferdinand, kuhani mkuu, anatumia kifaa cha uchawi kuingia kwenye kumbukumbu za Myne. Ghafla Myne yuko nyumbani kwao Japani, anaonja tena chakula cha mama yake wa kwanza, kile alichokuwa akikila zamani macho yamezama kitabuni. Anamwomba mama radhi, analia. Kisha anarudi kwa wazazi wake wa sasa, Gunther na Effa, na dada yake Tuuli, na tangu hapo anawashika watu hawa kwa namna nyingine. Nimefiwa, kwa hiyo sitajifanya naitazama sehemu ile kama mchambuzi. Kila mtu ana mtu aliyekaa naye mezani bila kumtazama usoni.

Nakubali, kuna mengi mabovu. Nyingi kati ya hadithi hizi zilianzia Shosetsuka ni Naro, tovuti iliyofunguliwa 2004 ambako yeyote anaweza kupandisha riwaya yake, na ukisoma kumi utakuta saba zimenakiliana hadi jina la hadithi. Hiraku amezungukwa na wanawake wengi mno na hilo linaniudhi kweli, linaharibu shamba zuri. Mashujaa wana nguvu kupita kiasi, hofu haipo. Sawa. Ila mwenye kutaka hofu ana anime chungu nzima za kuchagua. Sioni kwa nini hizi chache nazo zinyang'anywe utulivu wake.

Nisichokubali ni ile habari ya uvivu. Mvivu hapiki gome la mti usiku na mchana. Anayeota kazi inayomrudisha nyumbani akiwa hai anadai haki yake, na akiidai kwa kumtazama mchawi anayeua slaimu 25 na kurudi kwake, mwacheni.

Msimu wa nne wa Bookworm umekabidhiwa Wit Studio, watu waliosifika kwa Attack on Titan. Myne sasa yuko kwa watukufu, mambo ya ikulu na vita vya koo yatakuwa mengi, na najua kishawishi cha kukimbilia vurugu. Ombi langu kwao ni moja: wasiiruke karakana. Wino, herufi za kuchapia, mafundi wanaokosea na kurudia, vyote vionekane kwa mwendo wake, hata kama kundini wataandika tena kwamba hakuna kinachotokea.