Maumivu ya Kazi za Kurudiarudia: Nani Abebe Mzigo wa Shaka Katika Madai ya Fidia?

Mfanyakazi akikatwa kidole na mashine, siku inajulikana, saa inajulikana, na mara nyingi shahidi yupo. Yule ambaye mkono wake umeharibika polepole kwa kurudia tendo lile lile maelfu ya mara kila siku, iwe ni kupiga chapa, kukata nyama kiwandani, kushona nguo au kufungasha bidhaa ghalani, hana tarehe wala shahidi. Alicho nacho ni maumivu, ganzi na vidole vilivyopungukiwa nguvu ya kushika. Mifumo mingi ya fidia ilibuniwa kwa kumfikiria mfanyakazi wa kwanza, kisha ikapanuliwa kwa shida ili imhusu na wa pili. Ndiyo maana naona kwamba ubishi mrefu juu ya madai haya hauhusu sana kama maumivu ni ya kweli. Unahusu ni nani abebe hasara pale ambapo chanzo cha maumivu hakiwezi kuthibitishwa bila kubaki na shaka.

Tatizo lenyewe ni la kale kuliko kompyuta. Daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini, katika toleo la mwaka 1713 la kitabu chake kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, aliandika habari za makarani na akataja mambo matatu yanayowaumiza: kukaa muda mrefu, kuusogeza mkono bila kupumzika na kwa mwelekeo ule ule, na mkazo wa akili wa kuogopa kukosea. Alimtaja mthibitishaji wa hati ambaye mkono wake wa kulia ulipooza, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na haukupita muda mrefu huo nao ukashikwa na maradhi yale yale. Uingereza iliingiza mkakamao wa mikono ya wapiga telegrafu katika orodha ya magonjwa yanayostahili fidia mwaka 1908. Kwa hiyo, anayedai kwamba jambo hili ni mtindo wa kizazi cha kompyuta anapuuza kumbukumbu zilizo wazi.

Hata hivyo, chini ya jina moja la maumivu ya kazi za kurudiarudia (kwa Kiingereza “repetitive strain injury”, au RSI) hukusanywa hali zisizofanana, na hapo ndipo ugumu wa kisheria unapoanzia. Kundi la kwanza ni la magonjwa ambayo daktari anaweza kuyabainisha: kuvimba kwa vifuko vinavyofunika kano za mkono, maumivu ya kano zinazoshikilia misuli kwenye kiwiko, na kubanwa kwa neva ya kati inapopita kwenye kifundo cha mkono. Hili la mwisho lina dalili mahususi. Ganzi huingia kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete, huku kidole cha mwisho kikisalimika kwa sababu kinahudumiwa na neva nyingine, na kipimo cha kasi ya mawasiliano ya neva kinaweza kuthibitisha tatizo. Kundi la pili ni la maumivu yaliyoenea mkononi, begani na shingoni, ambayo hayaonekani katika picha wala katika vipimo vya damu. Watu wa kundi hili wanaumia kweli, na baadhi yao hushindwa hata kufungua kifuniko cha chupa. Lakini wakifika mbele ya mtathmini wa madai hawana karatasi ya kipimo ya kumwonyesha.

Hoja za waajiri na kampuni za bima zinastahili kusikilizwa kwa uzito wake. Kubanwa kwa neva ya kati huwapata pia watu wasiofanya kazi yoyote ya mikono. Kisukari, upungufu wa homoni za tezi ya shingo, ujauzito, unene uliozidi, baridi yabisi na umri vyote huongeza uwezekano wake, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Mwaka 1997 taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ilipitia tafiti zilizokuwapo na kukuta ushahidi wenye nguvu pale ambapo kurudiarudia kunaambatana na kutumia nguvu nyingi au mkao mbaya wa mkono. Ushahidi kuhusu kupiga kibodi peke yake umebaki dhaifu kuliko ule wa viwanda vya nyama au wa zana zinazotetemeka. Mwajiri anauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini alipe kwa ugonjwa ambao huenda ungempata mtu huyo hata kama angebaki nyumbani.

Mfano unaotajwa zaidi na upande huu ni wa Australia. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, madai ya maumivu ya mikono miongoni mwa wafanyakazi wa ofisi nchini humo yaliongezeka kwa kasi kubwa, hasa katika shirika la simu la Telecom Australia, kisha yakapungua sana baada ya mwaka 1985. Kompyuta za aina hiyo hiyo zilitumika katika nchi nyingine bila wimbi kama hilo kutokea. Baadhi ya madaktari walihitimisha kwamba lililoenea ni imani na hofu, likichochewa na magazeti, vyama vya wafanyakazi na urahisi wa kupata fidia. Mahakama zilipoanza kukataa madai, wakasema, ugonjwa nao ukatoweka.

Mimi sikubali kwamba mfano huo unathibitisha yote unayobebeshwa. Idadi ya madai hupima mambo mengi kwa pamoja: wangapi wanaumia, wangapi wanajua kwamba wanaweza kudai, wangapi wanaogopa kudai, na milango mingapi ya kudai iko wazi. Madai yakishuka baada ya masharti kukazwa, hatujaambiwa bado kama maumivu nayo yameshuka. Tena katika kipindi hicho hicho ofisi nyingi zilibadilisha viti, meza, vipindi vya mapumziko na mgawanyo wa kazi, kwa hiyo hata kama maumivu yalipungua kweli, haijulikani ni hatua ipi iliyoleta nafuu. Jambo ambalo Australia inalionyesha kwa hakika ni kwamba mkazo wa akili, hofu na mazingira ya usimamizi vinachangia maumivu haya. Ramazzini alikwisha kulisema hilo. Na iwapo mkazo unatokana na msimamizi anayehesabu kila herufi unayopiga, sioni kwa nini ukitajwa uwe ni utetezi wa mwajiri.

Mahakama za Uingereza zinaonyesha jinsi shaka ile ile inavyoweza kuamuliwa kwa njia tofauti. Mwaka 1993, katika kesi ya mwandishi wa habari dhidi ya shirika la habari la Reuters, jaji alikataa dai na kulikataa hata jina la RSI, akiona kwamba halina nafasi katika tiba. Mwaka 1998 Mahakama ya Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, iliamua kesi ya katibu muhtasi dhidi ya kampuni ya ICI. Wengi wa majaji waliona kwamba hakuthibitisha kuwa mkakamao wa mkono wake ulitokana na kupiga chapa, na kwamba mwajiri hakuweza kutarajia madhara hayo kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa na shughuli mchanganyiko. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi wafanyakazi wa Benki ya Midland waliokuwa wakiingiza takwimu za hundi kwa kasi kubwa, wakishinikizwa kufikia malengo na kushindanishwa. Maumivu yao yalikuwa ya lile kundi la pili, yasiyo na kipimo, na benki ilileta wataalamu waliosema kwamba chanzo ni akili. Mahakama ilikubali maelezo ya wafanyakazi.

Ukizisoma hukumu mbili za mwisho pamoja, unaona kwamba jina la ugonjwa halikuwa jambo lililoamua kila kitu. Kilichotenganisha kesi hizo kwa kiasi kikubwa ni ushahidi wa namna kazi ilivyopangwa. Katibu muhtasi aliweza, angalau kwa nadharia, kugeukia faili au simu mkono ulipochoka. Waliokuwa wakiingiza takwimu za hundi hawakuwa na nafasi hiyo. Naamini kwamba hapa ndipo pa kuanzia kwa yeyote anayetaka haki katika madai haya: mpangilio wa kazi unaweza kuchunguzwa na kupimwa hata pale ambapo maumivu hayapimiki.

Njia ya kesi ya uzembe si njia pekee, na kwa wengi si njia nzuri, kwa kuwa inamtaka mfanyakazi athibitishe chanzo, kosa la mwajiri, na kwamba mwajiri alijua au alipaswa kujua. Njia ya pili ni mfuko wa fidia usiouliza kosa ni la nani. Mkataba Na. 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaziruhusu nchi kutumia orodha ya magonjwa, tafsiri ya jumla ya ugonjwa utokanao na kazi, au vyote viwili. Orodha ya shirika hilo iliyorekebishwa mwaka 2010 inataja magonjwa kadhaa ya kano na ya neva ya mkono, na inaacha mlango wazi kwa mengine ya misuli na mifupa yasiyotajwa iwapo uhusiano wake na kazi utathibitishwa. Faida ya orodha ni kwamba, mahali inapotumika pamoja na dhana ya kisheria, anayetimiza masharti huhesabiwa kuwa ameugua kwa sababu ya kazi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Lakini orodha nayo hukata kwa makali yake. Nchini Uingereza, mfanyakazi asiyetumia zana zinazotetemeka anayedai mafao kwa kubanwa kwa neva ya kati lazima aonyeshe kwamba alikunja na kukunjua kifundo cha mkono angalau mara moja kila sekunde 30, kwa saa zisizopungua 20 kwa wiki, kwa muda unaofikia miezi 12 ndani ya miezi 24 kabla ya dalili kuanza. Naelewa kwa nini mtunga kanuni anahitaji mpaka. Ila nani aliwahi kuhesabu sekunde akiwa kazini kwa manufaa ya kesi asiyojua kama itakuja? Takwimu hizo, zikiwapo, ziko kwa mwajiri: kasi ya mkanda wa kiwandani, idadi ya vifurushi kwa saa, ratiba ya zamu, rekodi za kompyuta zinazoonyesha dakika zote ambazo mfanyakazi hakugusa kibodi. Kampuni nyingi hukusanya habari hizi kwa bidii kubwa zinapotaka kupima tija. Zikihitajika upande wa pili, inakuwa vigumu kuzipata.

Kwa sababu hiyo nashika msimamo kwamba, katika magonjwa ya kundi la kwanza, mzigo wa kuthibitisha uhamie kwa mwajiri pindi mfanyakazi anapoonyesha utambuzi wa daktari na maelezo yanayoaminika ya kazi aliyofanya. Mwajiri mwenye rekodi safi hataumia. Anaweza kuonyesha kwamba kasi ilikuwa ya wastani, kwamba mapumziko yalitolewa na kwamba malalamiko ya kwanza yalishughulikiwa. Wapo wanaoonya kwamba kanuni kama hiyo itawafanya waajiri wakwepe kuajiri watu wenye historia ya maumivu au wanawake wa umri fulani. Onyo hilo si la kubeza. Linahitaji sheria ya kuzuia ubaguzi iliyo na meno, kwani bila hiyo ulinzi wa mfanyakazi mmoja utakuwa kikwazo kwa mwingine anayetafuta kazi.

Kundi la pili linanipa shida zaidi, na hapa nakubaliana na wakosoaji katika jambo moja zito. Madai marefu yanaweza kumdhuru mdai mwenyewe. Mtu anayetakiwa, mwaka baada ya mwaka, kuwathibitishia madaktari wa pande mbili kwamba hajapona, anawekwa katika hali ambayo kupata nafuu kunahatarisha riziki yake. Tena maumivu ya aina hii mara nyingi hupungua kwa kurudi kwenye shughuli taratibu na kwa kubadilisha kazi mapema, kuliko kwa kupumzika moja kwa moja nyumbani huku kesi ikisubiriwa. Malipo makubwa ya mara moja, yanayotolewa mwishoni mwa mvutano wa miaka, hufika wakati mkono na ajira vyote vimekwisha kupotea.

Kwa watu hawa ningependelea msaada wa haraka wenye kikomo cha muda, usiosubiri chanzo kiamuliwe. Wazo hilo si geni. Kanuni za ergonomia, yaani za kupanga kazi na vifaa vimfae mwili wa mfanyakazi, zilizotolewa na idara ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, mnamo Novemba 2000, zilimtaka mwajiri amlinde mfanyakazi aliyeondolewa kazini kwa sababu ya maumivu hayo kwa kumlipa asilimia 90 ya mapato yake kwa muda wa hadi siku 90. Wapinzani walidai kwamba gharama ni kubwa mno na kwamba kipengele hicho kinaingilia mifumo ya fidia ya majimbo. Bunge lilizifuta Machi 2001, Rais George W. Bush akatia saini, na kwa kuwa waajiri walikuwa bado hawajafikiwa na muda wa kuanza kutekeleza, hatuna matokeo ya kuyapima. Hoja ya kuingiliana na mifumo mingine ilikuwa na msingi, lakini ingeweza kutatuliwa kwa kuweka malipo hayo chini ya mfuko wa fidia na kuyakata kwenye fidia ya baadaye, iwapo itatolewa.

Hata hivyo, mageuzi yoyote hayatamsaidia mtu ambaye muda wake wa kudai umepita. Sheria nyingi huweka ukomo, na kwa majeraha yanayokuja polepole swali huwa ni lini saa ilianza kuhesabu: siku ganzi ilipoanza, siku daktari alipotamka ugonjwa, au siku mfanyakazi alipotambua kwamba kazi ndiyo chanzo. Nchini Uingereza muda wa miaka 3 unaweza kuhesabiwa kuanzia siku mdai alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ameumia vya kutosha na kwamba chanzo ni kazi. Mpangilio huo una busara, lakini humwadhibu aliyevumilia kimya kwa kuogopa kufukuzwa, kwa maana maelezo aliyompa daktari miaka mingi nyuma yanaweza kutumiwa kuonyesha kwamba alijua tangu zamani. Ndiyo maana taarifa ya maandishi kwa mwajiri, hata fupi, yenye tarehe na maelezo ya tendo linaloumiza, ina thamani kubwa kuliko maelezo marefu yanayoandikwa baadaye na wakili. Humpa mwajiri nafasi ya kurekebisha kazi kabla mkono haujaharibika zaidi, na akikataa, basi hawezi tena kudai kwamba hakujua.