Remote ya kuelekeza bado haijafa, tusidanganyane

Juzi shemeji yangu alileta TV mpya kwake huko Kireka, remote yake nyembamba haina hata namba, ina kitufe cha maiki juu, na jioni nzima akawa anatuambia remote za kuelekeza kwa TV ni mambo ya wazee, sasa ni bluetooth tu. Sikumbishia sana, nilikuwa nakula chakula chake. Lakini nimefikiria na naona yuko sawa nusu.

Hii remote ya kawaida, ile ya infraredi, inatumia taa ambayo jicho halioni. Kama hujawahi jaribu, chukua simu, fungua kamera ya mbele, elekeza remote kwa kamera ubonyeze, utaona kitaa kinawaka rangi ya zambarau hivi. Mafundi wa mjini ndivyo wanapima kama remote imekufa au ni TV. Kitaa hicho hakiwaki tu, kinawaka na kuzima kama mara elfu 38 kwa sekunde, na TV imefunzwa kusikiliza mwendo huo peke yake, ndio maana jua na bulbu haviichanganyi sana. Zamani ilikuwa shida kweli, mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa remote iliyofanya kazi kama tochi, unamulika kona ya TV inabadilisha stesheni, kumbe hata jua la dirishani nalo linabadilisha stesheni! Mwaka uliofuata wakatoa ya sauti, ukibonyeza kuna nyundo ndogo inagonga chuma ndani, haihitaji hata betri.

Uzuri wa infraredi ni umaskini wake. Haikumbuki kitu, haijaunganishwa na mtu, usipobonyeza haili betri, kwa hivyo betri mbili ndogo zinaweza kukaa mwaka. Ikipotea unashuka Kikuubo, sokoni Kampala, unanunua ile ya kila TV, unaingiza kodi, yaani namba za aina ya TV yako, umemaliza. Mama yangu remote zake zote amezifunga kwa kaveera, mfuko wa plastiki, na raba, miaka sasa, na taa inapita tu.

Ubaya nao upo. Haipiti ukuta, mtu akisimama mbele ya TV basi, na haijui TV ya nani. Nilipokuwa napanga muzigo, chumba cha kupanga, huko Nansana, jirani wa mlango wa mbele alikuwa na TV aina moja na yangu, na kwa joto lile wote tunalala milango wazi, sasa mimi niko kwa mpira dakika ya 80 na kitu, jirani anatafuta habari za saa tatu, paap, mpira umeenda, narudisha, na yake inaruka. Tulichukua wiki nzima kujua ni nini, mimi nilishaanza kulaumu decoder. Dawa ilikuwa kushusha pazia tu.

Bluetooth inaponya hiyo kabisa, maana remote na TV zinajuana zenyewe, unaweza kuiacha chini ya blanketi na bado inafanya kazi. Na kile kitufe cha maiki kinaitaka, sababu ile taa ya zamani inapeleka amri fupi fupi tu, haiwezi kubeba sauti ya mtu. Hapo shemeji ana pointi. Lakini undugu huo ndio unaleta kazi: ikipotea huokoti yoyote sokoni, lazima upate inayokubaliana na TV yako kisha uziunganishe upya, na kuna TV ambazo ukitaka kufanya hivyo zinakuambia uingie kwenye settings, sasa settings utaingiaje na remote huna? Watakuambia tumia simu, sawa, simu na TV viwe kwenye waifai moja, na sisi wengi hatuna waifai nyumbani, tuna bando ya siku. Ukiniuliza mimi, kwa nyumba yenye watoto hilo peke yake linatosha kumkata mtu hamu.

Geti ni hadithi nyingine. Hapo infraredi haifai hata kidogo, nani atashusha kioo cha gari kwenye mvua aelekeze kitaa? Remote za geti ni redio, nyingi zinatumia mawimbi ya 433 megahezi, zingine 315, na watu wananunua ya ziada bila kuuliza namba hiyo halafu wanamtukana muuzaji. Kinachonitia wasiwasi si umbali, ni kodi, yaani ujumbe wa siri ambao remote inatuma kwa geti. Zile za bei ya chini zinatuma kodi ileile kila siku, mtu akikaa nje na kamashine kake anairekodi leo, kesho anaicheza, geti linafunguka kama amezaliwa hapo. Zile nzuri kodi inabadilika kila ukibonyeza, iliyotumika haikubaliki tena. Bei inapanda ndio, lakini kwa geti mimi nisingebana pesa hapo. Kwa feni ya sebuleni, kodi ileile haina neno, mwizi atawasha feni afanye nini.

Waifai na zigbee, redio ya vifaa vya nyumbani, nitapita haraka. Bulbu za waifai ni tamu hadi umeme ukatike, ruta inazima, na nyingi ya hizo za bei rahisi amri yako inazunguka hadi seva ya ng'ambo ndio irudi kuwasha taa iliyo mita mbili kutoka kwako. Zigbee haili betri sana na vifaa vinapokezana ujumbe, lakini unanunua kwanza kisanduku cha kuviongoza, na hapa Kampala nimeiona kwa nyumba moja tu.

Kwa hivyo shemeji, hiyo remote yako igeuze uangalie mbele, pale pembeni kama kuna kidirisha cheusi kidogo. Nyingi za bluetooth bado wameziwekea kitaa cha infraredi ndani, cha kuwashia TV ikiwa imelala. Hata kwa yako kinaweza kuwepo, na hicho kinaelekezwa, vilevile kama cha wazee.